Uzamivu na Wazamiaji

Kiswahili cha vyuo vikuu kimeipa shahada ya juu kabisa jina la uzamivu, na aliyelibuni alikuwa na sikio la mshairi. Limetokana na kitenzi zama: kuuacha uso wa maji unaoonwa na kila mpita njia, kushuka chini, na kurudi na kitu ambacho waliobaki ufukweni hawakukijua. Mtu wa mwambao hahitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo. Anajua tofauti ya mpiga mbizi na mtu anayeosha miguu.

Hata hivyo, kitenzi hicho kina mtoto mwengine ambaye hakuzaliwa chuoni. Kwa lugha ya bandarini, mzamiaji ni kijana aliyejificha ndani ya meli bila ya tiketi wala pasi, akitaraji kuibukia ng'ambo na kupata huko alichokikosa kwao. Maneno mawili, shina moja. Na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kigoma mjini hadi Ujiji na vijiji vya kaskazini na kusini yake, maneno hayo yamegawiwa watu kwa namna isiyostahili kunyamaziwa. Mgeni anazama ziwani na kuibuka na uzamivu. Mwenyeji anazama ziwani kumkamatia mgeni samaki, na akiitaka elimu iliyomo ndani ya samaki huyo, hana budi kuifuata ng'ambo kama mzamiaji, akibisha hodi kwenye milango isiyomjua.

Elimu yenyewe ni sayansi ya mifumo ya neva, tawi la elimu ya ubongo linalowavuta vijana wengi katika vyuo vikuu vya Ulaya, Marekani na Japani. Tawi hili haliridhiki kuitazama seli moja ya neva. Linauliza namna maelfu na mamilioni ya seli zinavyoshirikiana hata kiumbe akaona, akakumbuka, akaogopa, akaamua. Msikilizaji wa taarabu ataifahamu hoja hii upesi. Anayemsikiliza mpiga kanuni peke yake amesikia kanuni, hajasikia taarabu. Udi, fidla, kanuni, dumbak na sauti ya mwimbaji vikikutana ndipo panapozuka kitu ambacho hakimo katika ala yoyote peke yake. Ubongo ni kikundi cha namna hiyo, na mtafiti wa mifumo ya neva anataka kujua nani anamfuata nani, na ni nani ambaye akinyamaza wimbo huvunjika.

Wimbo huo husomwa kwa viumbe wengi: panya, nzi, ndege, binadamu mwenyewe. Husomwa pia kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, na hapo ndipo Kigoma inapoingia katika habari hii. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670, kina chake kinafika mita 1,470 hivi, na maji yake yanagawanywa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ndani yake mna aina zipatazo 240 za samaki wa ukoo wa siklidi, ukoo wa perege na kuhe, na karibu wote hawapatikani pengine popote duniani. Wapo wanaolea watoto kinywani, wapo wanaokaa ndani ya makombe matupu ya konokono, wapo wanaoishi kwa kuwanyofoa wenzao magamba. Tabia nyingi namna hiyo katika ukoo mmoja na ziwa moja ni hazina kwa mtu anayetaka kujua ubongo hubadilika vipi ili tabia ibadilike.

Mmoja wao ni samaki mdogo akaaye kandokando ya ziwa na kwenye midomo ya mito, aitwaye kitaalamu Astatotilapia burtoni. Dume lenye eneo lake huvaa rangi kali na mstari mweusi unaopita jichoni, hufukuza wenziwe na kuwaita majike. Dume lisilo na eneo hufifia, likafanana na jike, likaogelea kundini kwa unyonge. Likipata nafasi, hubadilika ndani ya dakika chache. Russell Fernald, aliyeongoza maabara katika Chuo Kikuu cha Stanford, alitumia miongo ya maisha yake kuuliza nini hutokea kichwani mwa samaki huyu cheo kinapopanda au kushuka. Mwaka 1993 yeye na wenzake walionyesha kuwa seli za ubongo zinazoamuru homoni za uzazi hunenepa dume linapotawala na husinyaa linaposhushwa. Mwaka 2005 walionyesha kuwa jeni fulani ndani ya ubongo huamka mara tu dume linyonge linapoiona fursa ya kutawala. Mwaka 2007, katika jarida la Nature, walieleza jambo la ajabu zaidi. Samaki huyu akitazama wenzake wakipigana, wa kwanza akimshinda wa pili, wa pili akimshinda wa tatu, na kuendelea, huweza kujua nani ana nguvu kuliko nani hata kwa wawili ambao hakuwahi kuwaona wakikabiliana. Ni hesabu ya fikira ambayo mtoto wa binadamu huimudu akifika miaka minne au mitano.

Haya si mambo madogo. Yanagusa swali la zamani la washairi na wenye hekima: je, cheo hukaa mwilini au machoni mwa watu? Samaki wa Ujiji amejibu kwamba hukaa kotekote.

Jina lake, nalo, lina habari. Mwaka 1894 Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza alimwita kwa jina la Richard Burton, aliyefika Ujiji na John Speke mwezi Februari 1858. Samaki mwengine wa ziwa hilo aliitwa horei mwaka huo huo wa 1894, kwa heshima ya Edward Hore, mmisionari na baharia aliyeishi Ujiji na kukusanya samaki. Mwaka 1898 akafuata moorii, kwa jina la mtafiti John Moore. Majina matatu, wageni watatu. Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa nguzo ya msafara wa Burton na Speke na aliyewasemea kwa watu njia nzima, hayumo katika orodha hiyo. Wala hayumo mvuvi aliyemwonyesha Hore mahali pa kutega wavu. Atakayesema kuwa jina ni jambo dogo na amuulize mshairi kwa nini hutia jina lake katika ubeti wa mwisho.

Baada ya Burton na Hore wakaja wengine, na kwa haki isemwe kuwa walikuja na maswali mazuri. Michio Hori wa Japani alieleza katika jarida la Science mwaka 1993 habari za samaki mla magamba ambaye mdomo wake umepinda kulia au kushoto, na kila mmoja hushambulia upande unaoafiki mdomo wake; tangu hapo wataalamu wa neva wamekuwa wakiuliza ni kitu gani ubongoni kinachoamua upande. Watafiti wa Osaka walionyesha mwaka 2015 kuwa siklidi mmoja wa ziwa hili, ambaye watoto wakubwa humsaidia mama kulea wadogo, huwatambua jirani zake kwa sura zao, kama mtu anavyotambua nyuso sokoni. Vyuo vya Bern na Basel huko Uswisi, Austin huko Texas, na Taasisi ya Max Planck ya mjini Konstanz, Ujerumani, vyote vimefuga samaki hao au kuwafuata ziwani, wengine kwa upande wa Zambia na Burundi. Kazi za namna hiyo hufanywa kwa mikono ya wanafunzi, na wengi wao huwa katika safari ya uzamivu. Humo katika matangi ya vioo ya miji yenye theluji, wajukuu wa samaki wa Tanganyika wamewapa wajukuu wa watu wengine shahada.

Msomaji wa Unguja au Mombasa haipati habari hii kwa mara ya kwanza. Anaijua kwa sura nyengine. Njia iliyotoka pwani kwenda Ujiji katika karne ya 19 ilirudi na pembe za ndovu. Pembe zilipita Unguja, zikapakiwa majahazini na merikebuni, zikafika Connecticut huko Marekani, zikachongwa kuwa vibao vya piano. Muziki ukapigwa mbali, na waliobeba mzigo hawakualikwa kuusikiliza. Tofauti ipo, na ni lazima ikubaliwe: ndovu aliyekufa hakurudi, ilhali samaki waliochukuliwa kwa ajili ya sayansi ni wachache na ziwa halikupungukiwa nao. Elimu haiishi kwa kugawiwa. Lakini madhali haiishi, ubahili wake ni mbaya zaidi kuliko wa pembe. Mwenye pembe angeweza kusema kuwa akitoa atabaki mikono mitupu. Mwenye elimu hana udhuru huo.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya wenye kujiona wa vitendo. Kigoma, wanasema, ina shida ya maji safi, ya barabara, ya dagaa wanaopungua. Kumfundisha kijana ubongo wa samaki ni anasa. Hoja hii huvutia kwa sababu huvaa kanzu ya huruma. Ivuliwe kanzu hiyo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Familia zilizokula kwa nyavu zilikaa zikingoja. Sasa, samaki hujuaje kuwa wakati wa kuzaa umefika? Ni ubongo unaojua: unapima nuru, joto, chakula na wenzake, kisha unatuma homoni. Seli zile zile ambazo Stanford ilizipima kwa burtoni ndizo zenye kulijibu swali ambalo serikali iliwafungia watu ziwa kwa ajili yake. Na mvuvi wa dagaa anayetoka usiku na taa zake anafanya nini ikiwa si kuutumia ubongo wa samaki dhidi ya samaki? Anajua kuwa dagaa huifuata nuru. Anajua kuwa mbalamwezi ikiwaka taa yake haina kazi, hivyo hupumzika mpaka giza lirudi. Anajua nini hutokea. Lililobaki ni kujua kwa nini, na hilo ndilo jina jengine la utafiti. Atakayeliita anasa amezoea kuona watu wa ziwa wakila samaki, wala hajawahi kuwafikiria wakimfikiria samaki.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini: kwamba sayansi hii inahitaji mitambo na mafunzo yasiyoweza kupatikana pembezoni mwa nchi, na kwamba mwenyeji anatosha kuwa msaidizi. Jibu lake lipo kilomita chache kaskazini ya Kigoma, katika misitu ya Gombe. Jane Goodall, aliyefariki dunia Oktoba 2025, alifika hapo mwaka 1960 akiwa hana shahada yoyote. Mlezi wake, Louis Leakey, alimfungulia njia. Cambridge ikampokea kwa uzamivu mwaka 1962 bila ya shahada ya kwanza, na ikamtunuku mwaka 1966. Hakuna wa kumwonea wivu kwa hilo, alistahili. Linalostahili kukumbukwa ni kwamba mlango wa uzamivu, unaodaiwa kuwa wa chuma, uligeuka kuwa pazia alipopatikana mtu wa kulivuta.

Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka ng'ambo ya Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, wakawateka watafiti vijana wanne wa Gombe. Wageni wakaondoka. Sayansi haikuondoka. Watumishi wa Kitanzania, watu wa vijiji vya mwambao huo, waliendelea kuingia msituni kila siku, kuwafuata sokwe, kujaza madaftari. Hilali Matama, mmoja wao, ndiye aliyeshuhudia mwezi Januari 1974 shambulio lililokuja kuhesabiwa kuwa mwanzo wa vita vya sokwe wa Gombe, vita ambavyo vimeandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Jicho lililoona lilikuwa la Kigoma. Na baadaye, milango ilipofunguliwa kidogo, matunda yake yalionekana: Deus Mjungu, Mtanzania, alikwenda kusoma uzamivu katika Chuo Kikuu cha Minnesota na akarudi kuongoza utafiti wa sokwe papo hapo Gombe. Aliyeweza mmoja huonyesha kuwa wengi waliweza. Huonyesha pia kuwa wengi walikosa.

Kuhusu mitambo, jirani ametoa somo. Mwaka 1993 wataalamu wa neva wa bara hili waliunda chama chao, na mji waliokutania ulikuwa Nairobi. Kuanzia mwaka 2011, katika chuo kikuu kimoja cha mji mdogo wa Ishaka, magharibi mwa Uganda, vijana wa Kiafrika wamefundishwa sayansi ya neva kwa kutumia nzi wadogo wa matunda, ambao hufugwa kwa ndizi na chupa. Ishaka si mji mkuu wala haina ziwa lenye aina 240 za siklidi. Tena sehemu ya kwanza ya sayansi ya mifumo ya neva ni tabia: kumtazama kiumbe kwa subira mpaka ujue anafanya nini, wakati gani, mbele ya nani. Kamera ya kuzamishwa majini na kompyuta vinatosha kuianza kazi hiyo, na hakuna maabara ya Ulaya inayoweza kuifanya vizuri kuliko ziwa lenyewe. Tangi la kioo ni barua; ziwa ni mtu mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo ya werevu zaidi. Nafasi, husemwa, zimetangazwa kwa wote. Matangazo ya uzamivu ya Ulaya na Marekani humkaribisha mtu wa taifa lolote. Asiyeomba na asilaumu. Ni kweli zimetangazwa. Ni kweli pia kuwa katika nchi nyingi za huko mwanafunzi wa uzamivu wa sayansi hulipwa posho au mshahara, jambo ambalo wazee wengi wa Ujiji wakiambiwa hudhani wanadanganywa, kwa kuwa wamezoea kuona elimu ikilipiwa. Lakini lisomwe tangazo lenyewe. Aghalabu linataka mwombaji awe amekwisha kufanya kazi maabara, awe na wataalamu wawili au watatu wenye kumjua kazini, ajue kuandika programu za kompyuta, athibitishe Kiingereza chake kwa mtihani wa kulipia. Kila sharti ni la haki likitazamwa peke yake. Yakiwekwa pamoja yanasema hivi: njoo, mradi umekwisha kufika. Mtoto wa Konstanz huyatimiza masharti hayo kwa kuvuka barabara na kuingia katika maabara ya samaki wa Tanganyika akiwa bado katika shahada ya kwanza. Mtoto wa Ujiji, ambaye samaki huyo anaogelea umbali wa jiwe la kutupa kutoka kwao, hana barabara ya kuvuka. Kumwambia kuwa mlango uko wazi ni kumdhihaki. Kutoka katika dhihaka hiyo huzaliwa mzamiaji.

Hapa lawama igeuke, maana si haki kuwapa wageni mzigo wote. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Ziwa Tanganyika limetazamwa na wenye madaraka ya elimu kama sufuria: linapimwa kwa tani za dagaa na migebuka wanaotoka humo. Kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI kipo Kigoma, na kimewahi kuwa mwenyeji wa mambo makubwa. Kuanzia mwaka 1998 mradi ulioitwa Nyanza, chini ya Chuo Kikuu cha Arizona, uliwakutanisha hapo wanafunzi wa Marekani na wa Afrika, wakachunguza maji, miamba na viumbe pamoja. Mradi ulikwisha, kama miradi yote inavyokwisha. Kilichotakiwa kuota baada yake ni shule ya kudumu, na hadi leo Kigoma haina mahali pa kusomea uzamivu wa elimu ya ubongo. Kanuni za utafiti nchini humtaka mgeni awe na mshirika mwenyeji, na hilo ni jema. Lakini mshirika anayeridhika na jina lake kuwekwa katikati ya orodha ndefu ya waandishi, kisha akamwachia mgeni data, vielelezo na hitimisho, amekuwa kuli wa msafara mwenye tai shingoni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo lugha hii inavyoamuru. Wageni wamekuja Ujiji tangu 1858. Muda wa kuuliza kama mwenyeji amepona umekwisha kufika na kupita.

Wapenzi wa ushairi wanaweza kuuliza, nao wana haki, kwa nini jambo hili liletwe barazani kwao badala ya kupelekwa wizarani. Lina jibu, na jibu ni Ujiji. Katika mji huo mwaka 1926 alizaliwa Saadani Abdu Kandoro, mshairi wa diwani ya Mashairi ya Saadani, aliyekuwa pia miongoni mwa watu 17 walioiunda TANU tarehe 7 Julai 1954. Vina na mizani vilifika Ujiji kwa njia ya misafara, vikitoka kwa watu wa mwambao wa bahari walioviona kuwa mali ya nyumbani kwao. Hakuna aliyemwambia Kandoro kuwa, madhali sanaa hiyo ilizaliwa Lamu, Mombasa na Unguja, yeye mtu wa ziwa atosheke kuwabebea washairi wa pwani wino. Aliishika sanaa, akaitumikisha, na pwani ikamsoma. Elimu ikifika mahali na wenyeji wakaachiwa waishike, huzaa watu wake. Lililowezekana katika ushairi, ambao ni elimu ngumu yenye kanuni zisizomhurumia mvivu, haliwezi kuitwa muhali katika sayansi.

Tena kuna la lugha. Wapo wanaodhani kuwa elimu ya ubongo haisemeki kwa Kiswahili. Kiswahili kiliziita neva mishipa ya fahamu kabla ya wadhani hao kuzaliwa, na hapana jina zuri kuliko hilo: njia ambazo fahamu hupita kama damu inavyopita katika mishipa yake. Washairi wa lugha hii wamehoji kwa karne nyingi kama mtu huamua kwa moyo au kwa akili, na kama jicho huona au hudanganywa. Watu wa Dar es Salaam wameuita mji wao Bongo, kwa kuwa asiyetumia ubongo haishi humo. Jamii yenye misemo hiyo haihitaji kukaribishwa katika mazungumzo juu ya ubongo kama mgeni. Imekuwa ikizungumza siku zote, ila haikuwekewa darubini.

Basi yanayotakiwa ni machache na yanatajika. Kwanza, kila mradi wa kigeni utakaopewa kibali cha kuchunguza viumbe wa Ziwa Tanganyika kwa miaka kadhaa ubebe nafasi moja kamili ya uzamivu kwa kijana kutoka nchi za ziwa, nafasi yenye posho, swali lake mwenyewe, na jina lake mbele ya makala yake. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ulioanza kutumika duniani mwaka 2014, unataka faida zitokanazo na viumbe hai zigawanywe kwa haki, na elimu ndiyo faida ya kwanza ya utafiti. Pili, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimekuwa na mpango wa kujenga kampasi mkoani Kigoma. Majengo hayo yakipangiwa wauguzi na madaktari peke yao, yatakuwa yamefanya jema nusu. Yawekwe humo maabara ya neva iliyofungamana na kituo cha TAFIRI na ziwa lenyewe, ili mwanafunzi wa tiba ajue ubongo wa binadamu ni jamaa wa ubongo anaouona ukiogelea dirishani. Tatu, kila tasnifu iliyoandikwa juu ya samaki hawa iache muhtasari wa Kiswahili katika shule za sekondari za Kigoma na Ujiji. Kurasa kumi zinatosha. Mtoto wa kidato cha pili akisoma kuwa samaki wa kwao anaweza kupima nguvu za wawili asiowaona wakipigana, huenda akalitazama ziwa jioni hiyo kwa jicho jengine.

Hapana hata moja katika hayo litakalomnyima mtafiti wa Stanford au Osaka samaki wake. Waje, na wazame. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 lina nafasi ya wazamaji wengi. Lakini nchi iliyolibuni neno uzamivu haiwezi kuendelea kuwaachia wengine kitendo chenyewe, nayo ikabaki na neno. Burtoni, yule samaki mnyonge aliyefifia rangi, hakai akisubiri kuitwa kwa hisani; akiona nafasi imepatikana, ubongo wake huamka kabla mwili haujabadilika. Kazi ya wenye madaraka ni kuifanya nafasi hiyo ionekane kutoka Ujiji.